Saa Nne Kasorobo

Mimi ndiye dereva. Tuanzie hapo.
Lita elfu kumi na mbili za maziwa mgongoni,
kila usiku ila Jumapili, saa nne kasorobo,
kupitia Haavasoo, pale lami inapokata
kati ya msitu na kinamasi cha hifadhi,
penye kibao cha serikali chenye jani la mwaloni.

Miaka kumi na tisa. Aprili, mvua, digrii tano,
theluji ya mwisho imejikunyata mtaroni
kama mbwa aliyefukuzwa,
na chini ya magurudumu nasikia kitu
nilichokuwa nikikiita majani.

Binti yangu Leelo alipofika miaka kumi na tano
aliomba ndoo ya kabichi, ile ya bibi yake,
akaiosha mara tatu, bado ikanuka uchachu.
Akavaa kizibao kinachong'aa, taa kipajini,
akatoka na Kaur, na Birgit, na pacha wa Birgit asiyesema.
"Mnakwenda wapi?"
"Kuvusha."
Kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Alinifundisha mezani, kwa kijiko na kiazi:
lowesha mikono kwanza, baba, mkono mkavu unamchoma.
Jike amebeba mayai, dume amemng'ang'ania mgongoni;
usiwatenganishe, vusha wote wawili,
uwaweke upande waliokuwa wakielekea.
Ukiwarudisha walikotoka watageuka tu,
waianze barabara upya.

Nikacheka. Kelele za chura, nikamwambia,
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Akaniangalia.
"Hawa hawapigi kelele, baba. Wanavuka kimya."

Mwezi Mei halmashauri ya hifadhi iliwaita vijana.
Ukumbi wa shule, keki ya tufaha, kofia za kijani.
Mwenyekiti, bwana Lepiksoo, alitoa maneno matamu:
warithi, mbegu, mwenge, kesho.
Wakapigwa picha. Kisha akawaonyesha mlango wa pembeni:
keki iko kule, sisi wazee tumalizie ajenda.

Wakaenda. Hata Kaur alikwenda, njaa haina haya.
Leelo akabaki wima, kofia mkononi,
akafungua daftari lililovimba kwa mvua.
Hakuhutubia. Alisoma.
Tarehe tisa, ukavu: waliovushwa thelathini, waliokufa kumi na mmoja.
Tarehe kumi, mvua: mia nne na kumi na wawili. Waliokufa tisini na saba.
Tarehe kumi na moja, mvua, lori halikupita: waliokufa wanne.

"Lori gani?" akauliza mwenyekiti.
"La maziwa. Saa nne kasorobo."
Hakugeuka kunitazama.
Nilikuwa safu ya nyuma, karibu na makoti,
na makoti yale yote yalinijua.

Nikainua mkono. Ulikuwa mzito kuliko tenki.
"Lori hilo ni langu," nikasema.
"Na huyo mliyempa kofia, mpeni kiti."

Suala la barabara waliliahirisha hadi Oktoba,
vyura watakapokuwa wamelala chini ya matope.
Kiti walikubali: kimoja, bila kura, karibu na dirisha.
Leelo anasema kinalia kila akijisogeza,
naye hujisogeza makusudi.

Siku hizi nazunguka kwa Vanamäe,
kilomita ishirini na mbili za ziada.
Kiwanda kinanikata pesa za mafuta;
mke wangu hajasema neno, ila sukari imepungua chaini.

Aprili hii, siku yangu ya mapumziko,
mvua ilianza saa mbili usiku.
Nikasimama kwa miguu pale nilipozoea kupita,
mfupi ajabu, bila taa za mbele,
nikalowesha viganja dimbwini.
Wa kwanza alikuwa baridi, koo likipwita.
Nikamvusha. Hatua saba, nilizihesabu.
Akanikojolea.

"Andika mmoja," nikamwambia Leelo.
"Nimeshaandika," akasema. "Shika ndoo vizuri."